Kaseti Iliyopeleka Harusi Shambani

Leo nimeumbuka mbele ya padri, mbele ya wakwe wa mdogo wangu, na mbele ya maksai wawili. Nawaandikia mapema kwa sababu basi la kesho linakuja huko Morogoro, na nusu ya abiria wake walikuwepo wakishuhudia. Afadhali jambo hili mlisikie kwangu.

Niko nyuma ya banda la kuku. Harusi inaendelea mbele ya nyumba, nasikia vigelegele. Matope yameanza kukauka ndani ya masikio yangu. Kila mtu anayekuja huku kujisaidia akiniona anaanza kucheka, halafu anasahau alichofuata.

Mnanijua. Napenda vitu viwili hapa duniani (vitatu ukiwahesabu wanawake, lakini hao hawanipendi): ngoma za kwetu, na magari ya mbio ya zamani. Ukuta wa chumba changu hauonekani kwa picha za magari nilizokata kwenye majarida. Na chini ya kitanda nina sanduku la kaseti. Ngoma za sangula za Mahenge nimezirekodi mwenyewe, redio begani, nikimeza vumbi la wachezaji. Lakini kaseti ninayoipenda kuliko zote ni ya Mzee Masanja.

Huyu ni jirani yetu, Msukuma, alihamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache iliyopita. Mzee huyu akilima hashiki fimbo. Anaimba. Maksai wake wawili, Sajenti na Diwani, amewazoesha tangu wakiwa ndama. Akianza wimbo wanavuta. Akipandisha sauti juu wanageuka mwisho wa mstari. Akiimba ule wimbo wa taratibu, wa kufungua nira, wanasimama na kungoja wafunguliwe. Msimu uliopita nilitembea nyuma yake matopeni, redio kichwani, nikarekodi kila kitu, kuanzia mwanzo hadi kufungua nira. Sauti ya mzee yule, jamani! Nywele zinasimama. Na jinsi maksai wanavyomtii niliona kwa macho yangu mwenyewe. (Likumbukeni hilo. Mimi sikulikumbuka.)

Sasa, Skolastika, mdogo wangu, alikuwa anaolewa leo na Fulgensi, kijana wa Ifakara mjini. Watu wazuri, ila shangazi mmoja wa upande wao alipokuja kuleta barua alisema, "Bibi harusi wa shamba mtamleta kwenye tela la mpunga, au?" Akacheka. Skola hakucheka. Aliingia ndani akalala bila kula.

Na kweli mama alikuwa ameshapanga tela la mjomba.

Nikamwita Skola uani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, futa machozi. Utafika kanisani kwa namna ambayo bonde hili halijawahi kuona. Kama siyo hivyo, usiniite kaka."

Nilikuwa na uhakika wangu. Ifakara pale kuna fundi Severini, mwenye gereji. Huyu ana gari jekundu la mbio, viti viwili, paa la turubai la kukunja, boneti refu, taa zimetokeza kama macho ya chura. Aliachiwa na Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, zamani hizo, na amelitunza kama mboni ya jicho. Likiunguruma, kifua changu kinaunguruma nalo. Nilimbembeleza fundi Severini tangu kabla ya Krismasi. Nikamfungia redio ya kaseti bure, na spika mbili kubwa juu ya buti. Na kwa kuwa mimi ni fundi ninayefikiri mbele, nyaya za redio niliziunga moja kwa moja kwenye betri, ili gari likizimika muziki usizimike. Kitufe cha kuzimia kilikuwa kimekatika, nikachomeka njiti ya kiberiti.

Severini akauliza, "Deo, hiyo njiti itashika?"

"Fundi," nikamwambia, "unaongea na mimi."

Asubuhi ya leo gari likaingia uani kwetu. Mnajua mvua ya Januari huku. Mama alitazama gari, akatazama barabara, akatazama gari tena.

"Tumbo lake liko chini," akasema.

"Mama, hilo ni gari la mbio. Ndivyo yanavyokuwa."

"Sawa. Lakini hapa hatukimbii, tunaenda kanisani. Tela la mjomba wako halijawahi kukwama."

Nikacheka. Nilimfungulia Skola mlango kwa mikono miwili. Gauni jeupe, la kuazima, limejaa kiti chote. Fundi Severini akashika usukani, amevaa tai. Mimi nikakaa nyuma juu ya buti, katikati ya spika zangu, kama diwani aliyeshinda uchaguzi. Tukaondoka na sangula ikilia. Watoto wakakimbia nyuma yetu. Akina mama waliokuwa wanapanda mpunga wakanyoosha migongo, wakapiga vigelegele. Skola akageuka, akanitazama. Anacheka! Jamani, kwa cheko lile ningeweza kulisukuma gari mpaka Mahenge.

Tukafika mahali ambapo kanisa linaonekana. Wageni wamejaa mlangoni, padri katikati na kanzu yake, Fulgensi na suti yake, na yule shangazi mbele kabisa. Kati yetu na wao kulikuwa na dimbwi moja tu. Upande wa kushoto, shamba la mpunga la parokia, limejaa maji, linangoja kulimwa.

"Fundi, pita kulia," nikaelekeza. "Kulia pako imara."

Hapakuwa imara. Gari likaingia, likakalia tumbo, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Likakohoa. Likazimika. Sangula ikaendelea kulia vizuri kabisa (nyaya zangu), mpaka kaseti ikafika mwisho.

Kwa mbali nikasikia shangazi anacheka.

Skola hakugeuka. Alisema tu, "Kaka."

"Tulia. Nimeshafikiria." Sikuwa nimefikiria kitu. Lakini Mungu hamtupi mja wake: nyuma yetu alikuwa anakuja Mzee Masanja, na Sajenti, na Diwani, nira shingoni, plau imelazwa juu ya gogo wanalolikokota, anaenda kibaruani.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba mwanangu. Hiki kigari kimelala?"

"Kimechoka kidogo, mzee. Tusaidie, bibi harusi anasubiriwa."

Alifungua plau na gogo, akaupitisha mnyororo juu ya boneti na chini ya bampa, akaukaza. Akawapigapiga maksai mgongoni, akawanong'oneza. Wakavuta. Gari likatoka dimbwini kama jino bovu, na tukaanza kusogea kuelekea kanisani, polepole, kwa heshima zote. Wageni wakapiga makofi. Kweli, ilipendeza kuliko mwanzo! Gari jekundu, maksai wawili weupe, bibi harusi kakaa wima. Nikaona hata shangazi kaacha kucheka.

Na hapo, jamaa zangu, ndipo kichwa changu kilipofanya kazi kupita kiasi.

Niliona spika zangu kunyamaza ni aibu. Harusi haiingii kanisani bila muziki. Halafu nikafikiri, sangula wameshaisikia. Leo anayetuvuta ni Mzee Masanja, basi nimheshimu mzee kwa kazi yake mwenyewe, wageni wa mjini wajue huku shamba kuna sauti gani. Nikajinyoosha mpaka mbele, nikachomeka kaseti ninayoipenda kuliko zote. Nikafungua sauti mpaka mwisho.

Sauti ya Mzee Masanja ikatoka kwenye spika mbili kwa pamoja.

Mzee Masanja wa kweli, anayetembea kando, akashtuka na kuangalia juu. Sajenti akasimamisha masikio. Diwani akasimamisha masikio. Wakatazamana. Naapa walitazamana. Halafu wakaiacha barabara, wakapinda kushoto, wakaingia shamba la parokia.

"Ooo! Ooo! Simameni!" Mzee Masanja akaita.

"Vuteni, Sajenti! Vuteni, Diwani!" Mzee Masanja wa kwenye spika akaimba.

Kati ya Masanja hao wawili, maksai walimtii mwenye sauti kubwa.

"Zima!" akapiga kelele mzee. "We kijana, zima huyo mtu!"

Fundi Severini akazungusha ufunguo wa gari. Hakuna kitu, nyaya ziko kwenye betri. Nikabonyeza njiti ya kiberiti. Ikavunjikia ndani.

"Fungua boneti, ng'oa betri!" nikasema.

"Nifungue vipi?" Severini akapiga kelele, tai imempanda begani. "Mnyororo umepita juu yake!"

Basi tukalima. Gari la mbio, jamani, gari ambalo Mgiriki aliwapandisha mabibi wa mjini, linakwenda shambani kwa mwendo wa maksai, bampa linachimba, tope linapanda pande zote mbili. Skola amesimama juu ya kiti, gauni kalikusanya mikononi. Nikaruka chini ili niwawahi Sajenti na Diwani kwa mbele. Mguu mmoja ulifika. Wa pili ulibaki matopeni, na mimi nikaenda kifudifudi. Nilipoinua kichwa, buti na spika zangu zilikuwa zinanipita sikioni, mzee anaimba kwa raha zake.

Mwisho wa shamba, sauti kwenye kaseti ikapanda juu. Maksai wakageuka. Vizuri sana, kwa adabu. Wakaanza mstari wa pili.

Wageni kwanza walikuwa wameshika vinywa. Kisha mtoto mmoja akaanza kupiga makofi kufuata wimbo. Akafuata wa pili. Mpaka mstari wa tatu, kanisa zima lilikuwa linapiga makofi, na wanakwaya wakaanza kuitikia. Mzee Masanja, masikini, alikuwa ameacha kuita. Alikaa kwenye kingo ya shamba akisikiliza.

"Hapa nilikuwa na mafua," akaniambia nilipofika nikitambaa. "Msimu uliopita. Unasikia sauti?"

"Mzee, watasimama lini?"

"Si ulirekodi mpaka kufungua nira?"

"Ndiyo."

"Basi, siku ile niliwahi kuchoka. Haitakuwa mbali."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wimbo ukapoa, ukaja ule wa taratibu. Sajenti na Diwani wakasimama katikati ya shamba, wakapumua, wakangoja wafunguliwe. Kaseti ikaisha. Nikasikia vyura.

Skola bado amesimama juu ya kiti. Gauni jeupe, hata tone hakuna. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, maana sikuwa na tofauti kubwa na shamba.

"Kaka Deo," akasema, kwa sauti iliyofika kanisani. "Uliniahidi nitafika kwa namna ambayo bonde hili halijawahi kuona. Asante. Wameona."

Nilitamani tope linimeze lote. Siku ya mdogo wangu, siku moja tu katika maisha yake, na mimi nimeifanya kibarua.

Halafu nikamwona Fulgensi. Alikuwa anavua viatu. Akakunja suruali ya suti mpaka magotini, akaingia shambani, moja kwa moja, bila kutafuta pa kukanyaga. Akafika garini, akageuza mgongo. Skola akamwangalia kidogo, akaanza kucheka lile cheko la asubuhi, akapanda mgongoni mwake na gauni lake lote. Akina mama walipiga vigelegele mpaka Diwani akashtuka. Machozi yalinitoka. (Au maji ya shamba. Sikuweza kutofautisha.)

Mama mzazi wa Fulgensi alisogea kwenye kingo, akainama, akapima mfereji wetu kwa kiganja. "Kina kimekaa vizuri," akasema. "Na mistari imenyooka." Nami, pamoja na hali niliyokuwa nayo, nikajisikia fahari kidogo.

Ndoa ikafungwa. Mimi nilisikiliza kutokea dirishani, mama alinikataza kuingia. Mwisho wa misa padri akatoka, akanipita, kisha akarudi.

"Deogratias."

"Naam, Baba."

"Shamba limebaki nusu. Jumatatu uje na upande wa pili wa kaseti."

"Upande wa pili ni sangula, Baba. Hawa hawaijui."

Akafikiri. "Basi uje wewe na jembe," akasema, akaenda zake.

Gari limevutwa mpaka uani kwetu, nyuma ya tela la mjomba. Fundi Severini anakula pilau wala haniangalii. Na sasa hivi mnajua wanadai nini huko mbele ya nyumba? Wanaitaka kaseti ya Mzee Masanja waicheze. Mzee mwenyewe amekaa meza ya wakwe, anawaeleza pale alipokuwa na mafua.

Ninyi huko mtaisoma barua hii kwa sauti, nawajua. Ila atakayecheka akumbuke kwamba bado hajaoa, na muziki wa harusi yake nitauleta mimi.