Sare za Kwenda Kumwona Tembo

Jumatatu, 4 Agosti
Shule sikuiona, herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima. Leo zina kazi. Kikao cha kina mama wa Mtoni kimefanyika hapa kwangu, kama ada: kikao huwa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ni mie, mwaka wa kumi na tisa huu. Ajenda, matembezi. Tumezeekea Dar, wazungu wanapita juu ya vichwa vyetu kwenda kumwangalia tembo, sie hatujamwona hata mkia! Mauwa akataka Mikumi. Nikamuuliza, Mikumi kuna bahari? Saadani yote yapo, mnyama na ufukwe. Nimeshinda.

Kisha akarusha lake. Eti uchaguzi uwe Jumatatu ijayo, na matembezi ndiyo yawe mtihani wangu. Wakapiga makofi! Chai yangu bado iko midomoni mwao!

Kiti si kitu. Ila kikienda kwa Mauwa, kikao nacho kinahamia kwake, na mie Jumatatu nitazungumza na kabati. Tangu mzee wangu afariki, nyumba hii haina sauti nyingine. Sikubali.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango: sare. Mtu uliyempendezesha hawezi kukung'oa. Nimechagua mwenyewe, bluu iliyokolea, maua meusi. Kitenge, si kanga, nisije nikaambiwa namsema mtu. Fundi Abdulhadi kaapa magauni kumi na mawili kwa siku mbili hayawezekani. Nimempelekea sufuria la pilau. Yamewezekana.

Alhamisi, 7 Agosti
Kapiga simu Marijani, dereva wetu. Shikamoo bibi, marahaba. Eti mbugani bluu na nyeusi hazifai, zinaita mbung'o, wanauma hata juu ya nguo. Tuvae kaki, au rangi ya udongo. Nikamuuliza yeye mpwa wa nani. Wa Bi Mauwa. Ahaa! Nikamwambia inzi hachagui kitambaa, aangalie usukani wake. Mjukuu wangu Reem, aliyekuja kwa siku chache, naye akasema simu yake inasema hivyohivyo. Basi na simu yake ni ya ukoo wa Mauwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Saadani! Kosta yote bluu, utadhani bahari imepanda gari. Mauwa peke yake kavaa gauni lake kuukuu la rangi ya matope, eti sare inambana. Nimemcheka hadi Tegeta.

Kupita geti la hifadhi, kicheko kikaisha. Mbung'o hao! Wameingia madirishani kama walioalikwa. Kokushubila, mwalimu mstaafu, mtu na heshima zake, kapanda juu ya kiti analia Kihaya. Mwingine kaniuliza sare hizi nilichagua kwa macho yapi. Tukafunga vioo, tukavuta mapazia, tukajifunika mataulo ya kuogea.

Ndipo tembo akapita. Mauwa akafungua pazia lake, akatutangazia kama mpira: sasa anavunja tawi, sasa ana mtoto nyuma, jamani masikio! Sie tunajikuna gizani. Nikamwomba tubadilishane magauni, langu lina pindo zuri. Akaniuliza mie kiziwi, si alisema sare inambana?

Ufukweni tumejitosa na sare zetu, chumvi iponye. Rangi ikachuja. Tumerudi Mtoni bluu mpaka nyayo. Nimewakumbusha kwamba angalau bahari wameiona. Wakaendelea kujikuna.

Jumatatu, 11 Agosti
Uchaguzi, kwa kunyoosha mikono. Mauwa kumi, mie miwili. Mmoja wangu. Nikageuka kuutafuta wa pili nimbusu mwenyewe. Wa Mauwa!

Hakuishia hapo. Neno lake la kwanza kitini: kibaraza chake kidogo, kikao kibaki hapahapa kwangu, kwa Bi Nunu, kila Jumatatu, mpaka Mungu apende. Wakapiga makofi. Mie nikaenda jikoni kuangalia chai, maana moshi uliniingia machoni. Reem akasema mbona jiko ni la gesi. Nikamtuma dukani.

Sasa nimetulia, nimemwelewa. Hila tupu! Kiti kwake, vikombe vya kuosha kwangu. Na kura aliyonipa ni ya kunitia haya nisimpinge. Kumbe hanijui. Jumatatu ijayo namwanzia. Nimeshaagiza mihogo na nazi, waje wote, nianze kuwavuta mmoja mmoja, nikianza na Kokushubila, ambaye bado anajikuna lakini mihogo haikatai. Chai ya Mauwa nitaichemsha kando, bila sukari, sukari inampanda huyo na hajitunzi. Namtaka mzima wa afya siku nitakayomng'oa.