Bao la Thelathini

Jumatatu, 11 Machi

Tumefungwa tena juzi. Sababu: waamuzi, sakafu, Thore.

Leo mwenyekiti wa klabu, Bwana Clausen, kaniita dukani kwake. Ni muuza nyama, na mikutano yote mikubwa ya klabu yetu ya mpira wa mikono ya Süderbrook hufanyika mbele ya mashine yake ya kusaga. Kasema tusipowafunga Nordermoor Jumamosi, tunashuka daraja. Sare haitoshi. Hilo nilikuwa nalijua. Halafu, huku anasaga, kasema tukishuka timu anapewa Wiebke Lorenzen, anayefundisha wanawake. Hilo sikuwa nalijua!

Nikamkumbusha mimi ni nani. Volkmar Jebsen, winga wa kushoto, miaka kumi na moja daraja la pili, na dakika nne nzima daraja la kwanza. Kasema zile dakika nne keshazisikia. Akanifungia kipande cha maini nimpelekee mke wangu.

Tatizo ni Thore Bahnsen, mwezeka mapaa na mfungaji wetu pekee. Kila akifunga bao anatazama jukwaani, anakokaa Wiebke. Mimi, kocha wake, hanitupii hata jicho. Njama iko wazi. Lazima atiwe adabu.

Jumanne, 12 Machi

Wazo limenijia bafuni, sabuni ikiwa bado machoni.

Kwenye mpira wa mikono kwetu hapa kuna desturi: anayeifungia timu yake bao la thelathini kwenye mechi anawanunulia wenzake kreti la bia. Hakuna aliyeiandika na hakuna anayeikwepa. Basi mimi nimeipandisha. Kuanzia Jumamosi si kreti moja, ni tano. Pamoja na soseji kwa ukumbi mzima. Pamoja na kufua jezi zote mpaka msimu uishe.

Hesabu yangu ni hii: vijana watapigana kufikisha thelathini ili wale bure, na kwa kuwa Thore haishi kurusha, bao lenyewe litamwangukia yeye. Tunashinda, na Thore anafua. Sijui akili hii naitoa wapi.

Nimewatangazia mazoezini. Wamecheka mwanzoni. Kipa wetu Ocke ndiye aliyefurahi zaidi, maana yeye hafungi mabao. Kauliza kama haradali imo. Nikasema imo.

Gesa, mke wangu, alikuwa anamenya viazi. Kauliza itakuwaje tukifika ishirini na tisa. Nikamweleza kwa upole kwamba haya ni mambo ya mbinu, hayaelewi. Kakaa golini miaka tisa, lakini kukaa golini ni kusimama tu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda kupeleleza mazoezi ya Wiebke. Nilijificha stoo ya vifaa, nyuma ya magodoro ya sarakasi. Mahali pazuri. Halafu mtu kasukuma toroli la mipira mbele ya mlango, nikabaki humo mpaka wamalize. Nimepata chafya na maumivu ya nyonga. Siri sikupata hata moja, maana muda wote walikuwa wanacheka. Mazoezi gani ya kucheka?

Wiebke mwenyewe ndiye aliyefungua. Kauliza kama natafuta mpira. Nikasema ndiyo. Kanipa mpira, kanipa na kahawa na kipande cha keki ya tufaha. Mwanamke mnafiki sana huyu. Keki ilikuwa tamu.

Ijumaa, 15 Machi

Habari za kreti tano zimeenea mji mzima. Muuza vinywaji keshaziweka pembeni. Clausen anang'aa: kaandaa masufuria mawili ya soseji na tayari watu wanaulizia viti. Kwa mara ya kwanza tangu vuli kanipiga begani.

Jioni Thore kagonga mlango. Hakutaka kuingia, buti zake zilikuwa na matope. Kasema baridi imewafungia kazi, tangu Januari hajapanda paa, na nyumbani kuna mtoto mchanga. Kreti moja angelipa bila neno, kama alivyolipa siku zote.

"Kocha, kufunga nitafunga," kasema. "Lakini hilo la thelathini usinitegemee."

Nikamwambia mchezaji wa kweli hahesabu. Akaenda zake. Nilimwonea huruma, nakiri. Huruma ilidumu mpaka ngazini.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nimeulaza kwenye barafu, ingawa hauumi. Unastahili tu.

Ukumbi ulifurika. Vijana walicheza kama waliopagawa! Thore peke yake alifunga kumi na mbili. Dakika tano kabla ya mwisho tulikuwa tunaongoza ishirini na tisa kwa ishirini na saba. Nikamtazama Wiebke jukwaani. Nikampungia mkono. Heri nisingempungia.

Shambulizi lililofuata, Thore akabaki peke yake na golikipa wao, ambaye keshalala chini. Goli lote wazi, ng'ombe angeingia. Thore akageuka, akarudisha mpira nyuma. Aliyeupokea akautupa kama kaa la moto. Wa tatu naye hivyo hivyo. Mpira ukazunguka, ukazunguka, kila mtu anamkarimu mwenzake kama wageni mlangoni. Refa akainua mkono: mnapoteza muda. Tukanyang'anywa mpira. Ishirini na nane kwao.

Nikaomba mapumziko. Nikawaambia warushe. Wakatazama viatu. Nikawaambia basi, sheria nimeifuta, turudi kreti moja. Ocke kasema mwaka jana pia nilifuta mazoezi ya Pasaka, walipolala nikawatoza faini. Nikasema nitalipa mimi mwenyewe, kila kitu, mpaka haradali. Ocke kasema niape mbele ya Clausen. Clausen alikuwa huko mlangoni na uma wake mrefu, na watu mia mbili wanaimba "So-se-ji! So-se-ji!" Hakusikia kitu. Dakika ikaisha.

Ishirini na tisa kwa ishirini na tisa.

Zimebaki sekunde chache, tukapewa penalti. Wachezaji wangu sita wakainama kwa pamoja kufunga kamba za viatu. Thore alikuwa na viatu vya kubandika, visivyo na kamba, lakini naye akainama.

Sasa, jina langu huwa naliandika kwenye orodha ya wachezaji kila mechi. Kwa tahadhari, si kwa majivuno. Nikavua koti. Nikamtoa Ocke, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, nikaingia mimi. Watu wakaanza kupiga makofi, wengine wakasimama. Miaka kumi sijasikia makofi ya aina hiyo, na machozi yalinilenga, sitaki kuficha.

Nikasimama mstarini. Kipa wao ni kijana mdogo. Nikajua ninampiga wapi. Mkono ukapanda.

Ndipo nikaziona kreti tano. Na soseji za watu mia mbili, moja moja, na haradali yake.

Mkono ukasita. Kidogo tu! Mpira ukagonga mwamba, ukamrudia yule kijana mikononi. Akaangalia upande wa pili. Goli letu tupu, kipa wetu yuko benchi anafungua maji. Akarusha uwanja mzima. Nilikimbia. Mpira ulidunda mara tatu, na mara zote tatu niliuona vizuri kabisa.

Ishirini na tisa kwa thelathini. Wenzake walimbeba juu juu, naye akapaza sauti kwamba kreti lake atalinunua leo leo.

Jumapili, 17 Machi

Clausen kaja mwenyewe, na kofia mkononi. Hakufoka. Ningependa afoke.

"Volkmar," kasema, "ulikuwa mchezaji mzuri."

Basi. Akamsalimia Gesa, akaondoka. Nimekwenda gereji nikalia, kwa sababu hata nilipokuwa mchezaji hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Gesa kaniletea supu ya viazi, akakaa juu ya matairi karibu yangu. Hakutaja ishirini na tisa. Hilo nalo limeniuma.

Mchana kapiga simu Wiebke. Kaomba niwe msaidizi wake, niwafundishe mawinga kurusha kutoka pembeni kabisa, maana wilaya nzima hajaona mwenye mkono kama wangu. Nikasema nitafikiria. Nikakubali kabla hajakata.

Jumanne, 19 Machi

Siku ya kwanza ya usaidizi. Wiebke karudisha desturi ya kreti moja. Thore kanipa mkono, kaniita kocha kama zamani.

Lakini kichwa changu hakilali. Nimeligundua kosa la Jumamosi: niliwatisha wanaofunga, badala ya kuwatisha wanaokosa! Wiebke alipokwenda kuchukua mipira, nikawakusanya vijana. Nikapendekeza: anayekosa penalti, kreti tano, soseji, jezi, vilevile.

Sijawahi kuona timu ikinikubali hivi. Mikono yote juu, kelele, Thore anapiga makofi. Wiebke alirudi akaziba uso kwa viganja. Kwa hofu, bila shaka.

"Inaanzia Jumamosi iliyopita, siyo kocha?" kauliza Ocke.

Nikajibu kwa sauti kubwa, wote wasikie, kwamba kwangu sheria ni sheria na haina ubaguzi. Hapo wakanibeba juu juu.

Gesa kauliza jezi nitazianika wapi. Nimemwambia asubiri aone. Timu yote iko mkononi mwangu sasa, na kufika Mei Wiebke atakuwa anauza kahawa mlangoni.