Milimita Moja ya Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Kaka kaleta gitaa karakanani. Lile jekundu la umeme, umri miaka thelathini na moja. Anataka kitu kimoja: freti ya tatu, kile kijiti cha chuma kinachokatiza shingo ya gitaa, imelika, nibadilishe. Jumamosi meneja wa hoteli ataisikiliza bendi yao pale hotelini. Akiipenda, ni kazi ya kudumu, kila wikiendi. Kaka akasema mara mbili, freti moja tu, mdogo wangu. Kana kwamba mimi ni mtu wa kujiongezea kazi.

Mimi ni seremala niliyejifundisha mwenyewe. Hesabu za duara sikufundishwa darasani, nilizipata kwa kuharibu meza. Mlango wa kabati la shemeji, mke wa Kaka, niliupunguza bila kuombwa, ndiyo. Sasa hauingizi mende.

Alipoondoka nikalaza rula kwenye ubao anaobonyezea nyuzi. Rula ikacheza kama mtoto kwenye bembea. Ubao una mgongo! Umebinuka katikati, umeshuka pembeni. Nikapiga hesabu: mbinuko huo ukiendelezwa mpaka duara likamilike, nusukipenyo ni milimita 184. Sufuria kubwa kabisa. Mpiga solo akiuvuta uzi mwembamba kuelekea katikati ili ulie, uzi unakwama kwenye huo mlima, unagusa freti za mbele, sauti inakabwa. Nimejaribu mara tisa. Imekabwa mara tisa.

Kumbe ndiyo maana Kaka hajawahi kupiga solo. Miaka thelathini anapiga ridhim, nyuma ya migongo ya watu. Maskini. Tatizo si mkono wake. Tatizo ni sufuria.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: kuubapaza ubao. Kutoka 184 hadi 406, yaani duara la meza ya watu wanne. Kwenye freti ya kumi na mbili ubao una upana wa milimita 52. Mgongo sasa umeinuka milimita 1.84. Nikimaliza, 0.83. Naondoa milimita moja tu. Nani analilia milimita moja?

Fundi Redio wa ng'ambo ya barabara alikuja kuazima bisibisi. Akachungulia makaratasi yangu. Akasema gitaa si kabati, kwanza pima mkono wa mwenyewe. Nikamshukuru na kumwonyesha mlango. Mtu anatengeneza redio za mtaa mzima, ya kwake haishiki stesheni! Ananiita Mzee wa Milimita. Nadhani ni sifa.

Jumatano, 6 Machi
Freti zote ishirini na moja nje. Ubao umebanduka pembe mahali pamoja. Padogo. Nimeziba kwa gundi na unga wa mbao. Nimechonga kibao chenye bonde la duara la 406 kamili, nikakivalisha msasa. Namba themanini, mia na ishirini, mia mbili na arobaini, mia nne. Mikono imekufa ganzi. Mke wangu kauliza kama Kaka anajua. Nikamjibu kwamba zawadi haitangazwi.

Alhamisi, 7 Machi
Freti mpya zimekaa. Nyuzi nimezishusha mpaka zinakaribia kulala. Nikauvuta uzi wa kwanza, ukalia mpaka mwisho bila kukabwa. Nikavuta tena. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza paka gani amebanwa na mlango.

Kaka kapiga simu. Vipi freti ya tatu? Nikasema iko imara. Kweli tupu. Hakuuliza kuhusu zile nyingine ishirini.

Jumapili, 10 Machi
Jana sikuandika. Mkono ulikataa.

Gitaa nilimpelekea mwenyewe pale hotelini, alasiri, dakika ishirini kabla ya kuanza. Kwa makusudi. Asipate muda wa kukagua, apate muda wa kufurahi. Nikaketi safu ya pili.

Wimbo wa kwanza, Kaka akalaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, kama alivyofanya miaka yote. Nyuzi za pembeni zikalia. Za katikati zikafanya tk, tk, kama mtu anayegonga ukuta kutafuta msumari. Akabonyeza zaidi. Tk. Mishipa ikamsimama shingoni. Kiongozi wa bendi akageuka kumtazama, akageuka tena. Wimbo wa tatu nikamwona Kaka akizungusha kitufe cha sauti mpaka sifuri. Akaendelea kutikisa mkono, watu waone anapiga.

Hapo ndipo nilipokiona kidole. Kimepinda. Nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na mmoja, nikalifunga lango la chuma bila kutazama nyuma. Mfupa ulipounga, uliunga na upinde wake. Kidole kile kililala juu ya ule mgongo wa ubao kama kifuniko juu ya chungu chake. Kwenye ubao bapa kinaacha uwazi katikati.

Nilipima ubao. Nilipima nyuzi, freti, hata unene wa msasa. Kidole sikukipima. Na kidole chenyewe ni kazi ya mikono yangu.

Meneja ameipenda bendi. Kiongozi amemwambia Kaka apumzike kwanza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazaliwa njiti na tayari anatembea.

Jumatatu, 11 Machi
Kaka alikuja. Nilikuwa nimejiandaa: kurasa mbili za hesabu, mchoro wa rangi. Hakuzitazama. Akakaa kwenye stuli ambayo sijaipiga vanishi.

Akasema hajawahi kuitaka solo. Mpiga solo akipotea mbele, yeye nyuma ndiye humshika mkono na kumrudisha njiani, na hakuna anayejua. Hicho ndicho anachokipenda. Sikujua. Miaka yote hii tunakula sahani moja.

Akasema gitaa analipeleka kwa Fundi Redio, aushushe ubao pembeni mpaka mgongo urudi. Kwa Fundi Redio! Mlangoni akasimama.

“Kidole nilikusamehe hata hakijapona,” akasema. “Ulikuwa mtoto. Safari hii ulikuwa mtu mzima, na simu nilikupigia mwenyewe. Hukuniuliza.”

Nilipangusa macho. Vumbi la mbao.

Alhamisi, 14 Machi
Fundi Redio kamaliza. Mke wangu ndiye aliyeniletea habari, kwa undani kuliko nilivyoomba. Jamaa alichukua kipande cha waya laini wa kulehemu, akaukunja juu ya kidole cha Kaka, akauchora kwenye karatasi, akafuata mchoro. Waya! Hata rula hakugusa. Ule waya umenichoma kuliko maneno ya Kaka.

Kiongozi atamsikiliza tena Kaka keshokutwa. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Nimeapa kutogusa gitaa la mtu bila ruhusa yake. Nimeandika hapa na kupiga mstari chini, mara mbili.

Ijumaa, 15 Machi
Asubuhi shemeji kaniita nikawatengenezee droo ya jikoni inayokwama. Kaka yuko kazini. Gitaa lilikuwa juu ya kochi. Nililitazama tu. Kisha nikalitazama kwa rula.

Haki yake nampa: karibu na kichwa cha gitaa, pale Kaka anapolaza kidole, kazi ni safi. Mia themanini na nne juu ya alama. Lakini kule kwenye sauti za juu, karibu na tumbo la gitaa, kuanzia freti ya kumi na mbili? Nani analaza kidole kule? Hakuna. Na kule sauti bado inakabwa. Nimevuta mara saba.

Basi kosa langu halikuwa kubapaza. Kosa lilikuwa kubapaza kila mahali! Ubao uanze na mgongo, halafu ujilaze polepole unavyopanda, kama koni. 184 huku, 406 kule. Freti kumi tu. Kidole hakiguswi hata kidogo. Kaka atapiga ridhim yake, na siku akiipata hamu ya solo, atakuta njia imefagiliwa.

Nimemwambia shemeji gitaa linahitaji kusafishwa. Sasa ni saa sita mchana, liko kwenye jiriwa mbele yangu, freti nne zimeshatoka. Kesho alasiri litakuwa tayari, nikijitahidi.

Nilitaka kweli kumpigia simu kwanza. Nimeishika dakika nzima, jina lake mbele ya macho yangu. Lakini namjua Kaka. Ukimuuliza, anakataa.