Leeds ya Karakana ya Khalidi

Jumatatu, 3 Februari

Mwezi wa tano leo tangu nirudi kutoka Uingereza, na kijijini kwetu Kiriba nzima hakuna anayejua. Najipongeza.

Sheria ya kule ilikuwa saa ishirini za kazi kwa wiki, basi, maana viza ni ya masomo. Mimi nikafanya arobaini na nane. Alfajiri ghala la vifurushi, mchana nyumba ya kulelea wazee. Darasani nikawa mgeni. Chuo kikaandika barua, viza ikafutwa, nikarudishwa. Sasa nani angekwenda kuwaambia hayo watu waliouza ng'ombe wanne na kunisindikiza kwa ngoma? Siyo mimi! Nikashuka Bunda kwa Khalidi, fundi friji, tuliyesoma naye sekondari. Ninalala chumba cha nyuma ya karakana. Mpango: kutulia mpaka Septemba, masomo “yaishe,” nitokee nyumbani na suti.

Saa sita mchana nikapiga simu ya video. Kule Leeds ni saa tatu asubuhi, lazima kukumbuka. Koti zito, kofia ya sufu, friza wazi pembeni ili mvuke uonekane. Mama akauliza mbona natokwa jasho kwenye baridi. Nikasema ni hita.

Bibi Hyasinta akaomba simu. Yuko kitandani tangu Krismasi. Ananiita mume wake kwa kuwa nimerithi jina la babu, Masatu. Akauliza huko, ukiacha shule, nafanya kazi gani. Nikamweleza, na hapa sikudanganya sana: nalisha wazee, nawaogesha, nawageuza wasipate vidonda. Akafikiri kidogo. Akasema, “Unaogeshaga bibi za watu, mume wangu. Mimi nani ananiogesha?”

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikafunga friza, nikakaa juu ya ndoo kwa muda mrefu.

Jumanne, 4 Februari

Khalidi alitaka nimsaidie kubeba friji la nyumba ya wageni. Nikamwarifu kwamba nimemaliza saa zangu ishirini. Akasema leo ni Jumanne. Nikasema wiki yangu inaanza Alhamisi. Akasema Bunda hakuna sheria kama hiyo. Nikamjibu kwamba hata kule nilidhani hivyohivyo. Alilibeba na mkewe.

Jioni Mama akapiga akilia. Bibi hali imebadilika. Hali chakula. Tena akili zimeanza kumtoka: anasema Masatu yuko karibu, yuko Bunda, kamleteni.

Amejuaje? Labda alisikia adhana ya msikiti wetu. Labda aliniangalia tu usoni akaona. Nikamwambia Mama asimjali, ni uzee. Samwel, mtoto wa baba mdogo, alikuwa pembeni ya simu, akaunga mkono: maneno ya mgonjwa yasifuatwe. Tangu tuzaliwe mimi na Samwel hatujawahi kukubaliana jambo. Nilijisikia vibaya.

Jumatano, 5 Februari

Sikulala. Alfajiri nikapata mpango. Safi kabisa!

Najat, mke wa Khalidi, anauza kwenye duka la dawa. Nikaazima koti lake jeupe na mashine ya kupima presha. Barakoa usoni, kofia ya pikipiki kichwani. Ningeingia nyumbani kama mhudumu wa afya anayepita majumbani. Ningemwogesha Bibi, ningempaka mafuta, ningemgeuza taratibu, ningeondoka. Kwenye begi niliweka sabuni na taulo jipya. Wambura wa bodaboda akakubali kunipeleka.

Tukasimama Butiama kujaza mafuta. Nani amekaa pale juu ya magunia ya dagaa? Samwel! Akaona koti jeupe, akaja mbio, akaniamkia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa maishani, akakunja mkono wa shati. Anaomba kupimwa. Nikampima. Sikuthubutu kufungua mdomo, nikamwonyesha kwa mikono kwamba presha iko juu sana. Akakaa chini. Ningekuwa na moyo mbaya ningefurahi. Nilifurahi.

Ndipo akasema ana bibi yake Kiriba, mgonjwa sana. Akanishika mkono. Akaomba daktari afike, hata dakika kumi, yeye mwenyewe atanitangulia kwa pikipiki mpaka mlangoni.

Mlango wenyewe huo! Umefunguliwa! Nami nikafanya nini? Nikahofia atanitambua miguu, maana vidole vyetu wote ni vya babu. Nikaruka nyuma ya Wambura, nikampiga begani, tukageuza. Nilipotazama nyuma Samwel alikuwa bado amesimama barabarani na mkono wa shati umekunjwa.

Alhamisi, 6 Februari

Bibi amefariki alfajiri.

Mama alishindwa kusema, baba mdogo Renatus akachukua simu. Kikao cha ukoo kimeshakaa. Kwetu mjukuu mwenye jina la mume wa marehemu ndiye anayetangulia kutupa udongo. Hakuna kuzika bila mimi. Mwili umepelekwa mochwari Musoma, unanisubiri nitoke Uingereza.

Nilishavaa viatu. Nilishafika mlangoni. Nikakumbuka kwamba mtu hatoki Leeds saa moja akaingia Kiriba saa tatu. Nikavua viatu. Nikasema nimepata ndege, nitafika Jumamosi mchana. Baba mdogo akashukuru sana, akasema kweli chuo kile kina utu.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nasafiri. Simu nimezima kwa kuwa niko angani.

Kutwa nzima nimelala juu ya mkeka nyuma ya karakana nikisikiliza mafriji yakinguruma. Bibi yuko kwenye baridi kwa ajili yangu. Yeye aliyekuwa akiota moto hata mwezi wa kumi na mbili. Ningeweza kufika kwake kwa saa moja na nusu.

Khalidi akaleta chai. Akakaa. Akasema bado sijachelewa, niende tu, niseme, watanipiga makelele siku mbili na yataisha. Nikamwambia haiwezekani, sasa hivi niko juu ya Sudani.

Akaondoka bila kuchukua kikombe.

Jumamosi, 8 Februari

Nikatoka Bunda gizani na sanduku, hadi uwanja wa ndege Mwanza. Nikajichomeka katikati ya abiria waliotoka Dar es Salaam. Baba mdogo na Samwel walikuwa nje na gari la kukodi. Tukakumbatiana. Nililia, na kilio hicho kilikuwa cha kweli, hata Samwel alikiamini.

Njiani Samwel akasimulia habari za daktari mmoja wa Butiama aliyemkimbia mgonjwa mahututi. Akamlaani yeye na uzao wake. Ilibidi nami nimlaani.

Baba mdogo akataka tule Bunda. Kati ya miji yote! Na kati ya hoteli zote za Bunda, akaingia kwa Mwanaupe, ninakokula kila siku! Mama yule hakuuliza kitu. Akaniwekea mbele wali na sato, bila pilipili, ndimu pembeni, akaenda zake. Baba mdogo akanitazama. Nikasema wapishi wengine wana kipaji.

Jumapili, 9 Februari

Tumemzika Bibi baada ya misa.

Nilitupa udongo wa kwanza. Nilipiga magoti nikashindwa kuinuka, wakaja kuniinua watu wawili. Akina mama wakasema mume amempenda mkewe. Shangazi Ghati akaniambia Bibi hakukubali kugeuzwa siku ile ya mwisho. Alisema mwenye kazi hiyo anakuja.

Jioni Mama akaniita jikoni, tukiwa wawili tu. Akakaa kwenye kigoda, akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniuliza kama Bibi alikuwa amechanganyikiwa kweli.

Nilijua anachouliza. Nilijua pia kwamba nikisema, atanisamehe palepale, usiku huohuo. Maneno yalikuwa kinywani.

Nikasema ndiyo, Mama. Alichanganyikiwa.

Akatikisa kichwa, akageukia kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Februari

Nimerudi karakanani. Walinisindikiza mpaka Mwanza, Samwel akanibebea sanduku.

Kichwa kimetulia sasa, na nimeona hatari iliyokuwa mbele: Septemba! Septemba wangetaka cheti. Nimeitatua. Leo nimempigia Mama nikamwambia chuo kimenipenda, kimeniomba nibaki kwa shahada nyingine. Miaka minne.

Mama akauliza, minne? Nikasema minne tu.

Akasema haya, atajitahidi kuwepo nitakaporudi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mambo yamekaa vizuri.