Pazia Nililolitundika Mwenyewe

Leo nimeaibika, jamani, na hakuna hata mtu wa kumsingizia.

Wengi mnajua nina shahada ya ushauri nasaha. Msiojua msijilaumu, hata baba yangu huwaambia watu nilisomea kuongea. Miaka minne sasa nakaa kwenye kibanda cha wakala pale Nyamisangura, natoa na kuweka hela za watu wa dhahabu. (Ushauri natoa: "Mama, hakikisha jina kabla ya kutuma.") Mwenzangu niliyesoma naye chuo anasaga mawe kwenye karasha Matongo. Ameshajenga. Mimi nina cheti kwenye fremu.

Basi kuna mradi umefungua chumba cha ushauri hukohuko Matongo, karibu na maduara, yale mashimo ya dhahabu, kwa ajili ya wachimbaji na familia zilizofiwa. Nafasi moja tu. Leo ilikuwa siku yangu ya majaribio: mimi nisikilize wateja, Dada Rehema, msimamizi, akae nyuma yangu na fomu. Na niliihitaji hiyo kazi vibaya sana, kwa sababu nimeshapeleka barua ya posa kwa kina Bhoke, na mama yake amesema wazi kuwa binti yake haolewi na kibanda.

Nikaona nimwonyeshe Dada Rehema kwamba nimesoma. Nikatundika kitenge katikati ya chumba kwa vibanio vya nguo, mteja upande ule, mimi upande huu.

"Huku watu wanajuana sana," nikamweleza. "Wasipotuona watafunguka. Na majina tusiulize, tutumie namba."

Akaandika kitu, akatabasamu. (Likumbukeni hilo tabasamu, ndilo lilikuwa la mwisho.)

Wateja watatu wa kwanza walikwenda vizuri. Nilikuwa natumia ile sauti ya chuoni, nzito na ya taratibu, ambayo Bhoke akiisikia huniuliza kama naumwa.

Akaingia namba nne; chini ya kitenge niliona pindo la khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi silali. Tangu kifusi kimfukie mwanangu Mwita kule duarani, nikifumba macho nasikia sururu. Na sasa huyu binti yangu Bhoke naye analetewa mwanaume asiye na kazi."

Sauti hiyo naijua. Ni mama mkwe. Kwetu Wakurya mkwe wa kiume hakai na mama mkwe wakapiga soga. Namjua kwa kumsikia akifokea kuku nyuma ya nyumba, yeye ananijua kwa salamu za mbali. Ndiyo maana sauti yangu hakuitambua.

Utaratibu wa kazi uko wazi: ukimfahamu mteja, unasimama, unamkabidhi kwa mwingine. Mwaka wa pili nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata A. Nikamgeukia Dada Rehema. Akaitikia kwa kichwa kunipa moyo, endelea. Nafasi ni moja. Nikaendelea.

"Pole sana mama. Tuanze na hilo la binti."

(Rudini hapo juu mwone yeye alianza na nini.)

Akanijibu kwa upole kama mtu aliyeko ugenini. Kijana ana shingo nyembamba. Siku ya kwanza alikula ugali kama anaogopa utamng'ata. Shule yote ile ameenda kujifunza kuuliza watu wanajisikiaje.

"Mwita wangu hakusoma," akasema, "lakini alishuka shimoni ili wadogo zake wale. Huyu atashuka wapi?"

Iliniuma. Iliniuma kweli.

"Mama, si lazima kila mtu ashuke shimoni." Sauti ya chuoni ilishaanza kupanda. "Huenda kijana anahangaika. Huenda hata leo yuko kwenye majaribio ya kazi."

"Huyo? Hapana."

"Mama, Marwa si mvivu."

Nyuma yangu nikasikia kalamu inawekwa mezani.

"Marwa nimemtaja saa ngapi?" mama akauliza, na papo hapo akasogeza kitenge.

Tukaonana uso kwa uso. Yeye akajifunika na khanga. Mimi nikaingia chini ya meza. (Shahada nzima, chini ya meza.) Mguu ukanasa kwenye kitenge, kikaanguka chote, na foleni yote ya mlangoni ikaniona nimechutama.

"Sasa huyu naye anashauriwa na nani?" mchimbaji mmoja akauliza, wala hakuwa anatania.

Nikasubiri matusi. Hayakuja. Mama alimgeukia Dada Rehema, akaongea kana kwamba mimi sipo.

"Mwambie sikuja kwa ajili yake. Nimetembea tangu asubuhi nije nimwongelee Mwita. Nyumbani wamechoka kumsikia."

Akatoka. Dada Rehema akaiacha fomu, akamfuata. Nilipojitoa chini ya meza nikawaona wamekaa nje kwenye gogo, mama anaongea, mwenzake anasikiliza. Walikaa hapo muda mrefu, bila pazia wala sauti ya chuoni.

Kazi nimekosa, hilo halina mjadala. Bhoke amenitumia ujumbe wenye alama ya kuuliza, basi. Nichekeni, nastahili. Ila kama kuna anayekaa jirani na yule mama, jioni apite amuulize habari za Mwita. Mimi mtaalamu mwaka mzima nimekula pale, sijawahi kuuliza.