Pikipiki ya Mikate

Jumatatu, 10 Aprili 1978

Mvua tena. Mama amesema nisipopata kazi kufikia Jumapili, napanda basi kwenda kijijini Ugenya kuchunga ng'ombe wa baba mkubwa. Ng'ombe wale hawanipendi!

Mzee Githinji mwenye duka mtaa wa Satellite, huko juu kwenye lami, anatafuta mtu wa kupeleka mikate kwa pikipiki kwenye vibanda vya mtaa wa Lindi, bondeni. Atatujaribu Jumamosi, mimi na Ouma, jirani wa ploti yetu. Aliniuliza kama najua kuendesha. Niliona haya kusema sijui. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Jumanne, 11 Aprili

Kila siku Mzee anatupa pikipiki kwa muda wa saa moja kila mmoja: Ouma asubuhi, mimi jioni. Ouma anafanyia mazoezi uwanja wa shule, mbele ya watu wote. Hata Sella, msichana ninayempenda kwa siri, alikuwepo, anampigia makofi!

Mimi sitaki kutazamwa. Nimechagua njia ya chini, kando ya mto, ambako hakuna mtu. Nimegundua kwa nini hakuna mtu. Tope mpaka magotini!

Kijitabu cha pikipiki ni cha Kiingereza. Kinasema klachi iachiliwe gently, yaani polepole. Nimeachilia gently. Pikipiki imeondoka. Mimi nimebaki.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimeanguka mara tisa. Dada yangu Nereah alikuja kuchungulia, akauliza kama najifunza kuendesha ama kulima. Nikamwambia aende zake.

Lakini nimevumbua mbinu! Nashusha miguu yote miwili na kuchapa tope kama bata. Pikipiki ikikwama, naruka chini, naweka bega nyuma ya kiti, nasukuma mpaka itoke. Mita mia mbili kwa nusu saa! Ouma hawezi hii.

Jumamosi, 15 Aprili

Msiba! Mzee hakutupeleka kwenye tope. Alitupeleka kwenye lami! Lami kavu, watu pande zote mbili.

Ouma alienda, akarudi. Kwangu miguu ilikataa kupanda kwenye vikanyagio. Nikachapa lami kama bata. Soli ya kiatu cha kushoto imebaki Satellite. Mama mmoja wa mboga akapaza sauti: “We kijana, si uibebe tu!” Nilipoona mtaro umejaa tope, moyo ukatulia. Nikaingia humo, ikakwama, nikaruka chini na kuisukuma kwa bega mpaka ikatoka. Niliendesha vizuri sana, lakini hakuna aliyepiga makofi.

Kazi amepewa Ouma. Mama ametoa sanduku chini ya kitanda, akaanza kukunja mashati yangu. Afadhali angenigombeza. Nimelia kidogo, chooni.

Jumapili, 16 Aprili

Maajabu! Kabla ya kanisa Mzee Githinji alibisha mlangoni, viatu mkononi. Ouma alikuwa amekwama mteremko wa Lindi na mikate yote. Mzee akauliza yule kijana wa kusukuma yuko wapi.

Nikashuka mbio. Bega nyuma ya kiti, moja, mbili, ikatoka! Tope lote likanirukia usoni. Mzee akamwambia Mama hajaona bega kama hili: mvua zote hizi nitakimbia nyuma ya pikipiki na kusukuma. Ni kazi kamili. Mama amerudisha sanduku chini ya kitanda. Nereah alicheka mpaka akashika ukuta.

Watu hawaelewi. Ouma ameshika usukani tu. Anayeendesha ni mimi!

Nimeamua: sasa najifunza lori. Mahali pa mazoezi nimeshapaona, bonde moja nyuma ya mtaa wa Laini Saba. Tope mpaka kiunoni, na hakuna mtu kabisa.