Ndoo Ishirini kwa Mheshimiwa Mbunge

Jumatatu, 8 Julai

Wiki ya kumi na moja ya ndoa. Renatus kaamka alfajiri kunichemshia maji ya kuoga. Nani mwingine Kibimba nzima ana mume kama huyu? Hakuna. Nimeuliza.

Habari kubwa: mtendaji wetu, Mzee Gaspari, kapita. Mbunge anakuja Alhamisi! Msafara utapita njia ya kwetu, kisha mkutano shuleni. Ameazima seti yetu ya sofa kwa ajili ya meza kuu, maana ndiyo mpya kuliko zote kijijini. Priscila, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alitoa viti vyake vya plastiki. Gaspari akasema Mheshimiwa ni mtu mzito. Nilikubali kabla hajamaliza.

Hapohapo akili ikafanya kazi. Njia yetu ina bonde. Siku ya harusi, mwezi wa nne, gari la Noah lililomleta mama kutoka Nyakanazi lilinasa pale topeni. Mama ana goti bovu. Wanaume wawili walimbeba juujuu mbele ya wakwe zangu wote. Ameapa: bila kalavati la kupitisha maji pale, Krismasi haji. Krismasi yangu ya kwanza ya ndoa bila mama! Mbunge lazima alione bonde.

Jumanne, 9 Julai

Asubuhi pikapu ya jirani yetu Hakizimana imechukua sofa. Gaspari anataka zifungiwe shuleni mapema.

Tatizo: ni kiangazi. Bonde ni vumbi tupu. Mheshimiwa atapita akiongea na simu wala hatajua kitu. Kwa hiyo nimechimba kwa jembe, nikamwaga ndoo ishirini za maji ya mtoni. Si uongo. Ni masika, nimeyawahisha tu.

Tumekula mkekani, goti kwa goti. Raha kuliko sofa! Renatus kanikanda mabega, kauliza mbona mvua imenyesha bondeni peke yake. Nikasema Mungu ana mipango yake. Hakuuliza tena. Mpenzi wangu!

Jumatano, 10 Julai

Ndoo kumi nyingine. Tope zuri sana, jeusi.

Priscila akanikuta. Eti, "Bi harusi, umeanza kumwagilia barabara? Itaota nini?" Nikamjibu natuliza vumbi, Mheshimiwa asije akakohoa. Alicheka mpaka kanga ikalegea. Acheke. Njia ya kwake ni pana na kavu, ina kishimo kimoja ambacho kuku huoga vumbi.

Alhamisi, 11 Julai

Sijui nianzie wapi.

Saa mbili asubuhi Gaspari alikuja kukagua njia. Kiatu kimoja kikabaki topeni. Akatoa simu: msafara upite kwa Priscila! Nikamkimbilia. Shikamoo mzee, hapa ndipo penyewe pa kumwonyesha! Akasema marahaba, mwanangu, mgeni huonyeshwa chai kwanza, aibu baadaye.

Wakapita kwa Priscila. Gari la Mbunge likaruka kwenye kishimo cha kuku. Soda ikamwagikia shati jeupe la Mheshimiwa.

Mkutanoni alikaa kwenye sofa YETU, ameegemea vitambaa nilivyofuma kwa mikono yangu, akaahidi kalavati. Kwa Priscila! Kabla ya mvua! Tangu niolewe sijaona hata tone la maji likipita pale. Nikanyoosha mkono. Gaspari akasema maswali yamefungwa, chakula kinapoa. Priscila alipiga vigelegele huku ananitazama mimi tu.

Ijumaa, 12 Julai

Hakizimana karudisha sofa. Pikapu ikanasa kwenye shimo letu. Naliita letu kwa sababu mpaka wakati ule Renatus hakujua ni langu. Kochi la watu watatu likateleza, likatua topeni na vitambaa vyake vyote.

Hakizimana alitaka kujua ni mlaaniwa gani anachimba barabara kiangazi. Nikasema inasikitisha kweli.

Alipoondoka, Renatus akakaa kwenye kochi palepale katikati ya njia, akanivuta nikae naye. Akauliza polepole, mbona ndoo yetu ina tope la bondeni. Nikamwambia yote. Akafunika uso kwa mikono. Nikaona ndoa imeisha. Kisha akacheka mpaka akatoa machozi. Akasema yeye na kaka zake watajaza mawe hapo wenyewe kabla ya Krismasi, na mama atapita bila kubebwa na mtu.

Nililia. Nani ana mume kama huyu?

Jumapili, 14 Julai

Kochi limekauka. Linanuka kama mtoni.

Jana Renatus na kaka zake walisomba mawe kutwa. Nusu ya bonde tayari. Nilimpigia mama. Kasema goti lake limefurahi.

Leo baada ya Misa Gaspari katangaza: mkuu wa wilaya anakuja mwezi ujao. Mkuu wa wilaya mwenyewe!

Nimekaa kutafakari Alhamisi ilivyoharibika, na kosa nimeliona. Nilimwaga maji kwenye njia isiyo sahihi. Ningechimba kwa Priscila, msafara ungelazimika kupita kwetu. Jambo dogo tu!

Nimemwomba Renatus asimamishe kazi ya mawe kwa wiki chache, na ikiwezekana wayatoe yale ya juu. Ananitazama tu, na macho yake ni mazuri mno.

Kutoka mtoni hadi kwa Priscila ni mbali kidogo. Nakadiria ndoo arobaini.